Rangi ya filme inaanzia kwenye uso wa mutu

Video ya arusi imefika nyumbani kwenye flash disk. Jamaa wameketi mbele ya televisheni, na mama wa bibi arusi anauliza: « Ule ni mtoto wangu kweli? » Uso umekuwa rangi ya chungwa; koti na nywele za bwana arusi vimeungana kuwa doa moja jeusi. Kijana aliyepiga video anajitetea kwamba ametia « rangi ya sinema ». Maana yake: alipata mu intaneti faili ya rangi iliyo tayari, ile mafundi wanaita LUT, akaibandika juu ya picha zote, za kanisa, za sale na za inje. Basi.

Kazi ya kurekebisha rangi, etalonaji, haiko vile. Tuangalie filme ya Mmarekani Barry Jenkins, Moonlight, ya mwaka 2016, iliyopata Oscar ya filme bora mwaka 2017. Ilipigwa pa Miami na kamera ya kidijitali, Arri Alexa. Pelikule, hata kipande, hakuna. Lakini mpiga picha James Laxton na fundi wa rangi Alex Bickel walipatia kila moja ya sehemu zake tatu tabia ya pelikule yake: Fuji kwa utoto, Agfa ya Ujerumani kwa ujana, na Kodak iliyogeuzwa kidogo kwa utu uzima. Na waigizaji, watu weusi, hawakupakwa poda ya kuzima mng'ao. Walipakwa mafuta, juu Jenkins alitaka ngozi ing'ae kama vile inang'aa mu joto la kwao.

Tusisahau kwamba pelikule yenyewe haikututendea mema siku zote. Miaka mingi maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamuke mzungu, aliyeitwa Shirley. Ngozi nyeusi ilipotea mu giza. Wauzaji wa meza za mbao na wa chokoleti walilalamika pia kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa, na malalamiko yao yalisaidia Kodak kurekebisha pelikule. Chokoleti, ndugu msomaji!

Sasa, pelikule inapendeza juu ya nini? Mwangaza ukizidi, inaupokea polepole; kamera ya kidijitali inakata ghafla, na shela ya bibi arusi inabaki jeupe tupu. Kilichokatwa vile hakuna programu itakirudisha. Kwa hiyo kazi inaanza mbele ya ordinatere: piga picha isiyo na nguvu ya rangi, ile ya « log » kama kamera yako inayo, linda sehemu za mwangaza, pima rangi ya taa.

Kisha unaingia mu programu. DaVinci Resolve iko na toleo la bure, na ndani yake mna LUT inayofuata pelikule ya Kodak 2383, ile ya kuonyeshea sinemani. Usikimbilie huko. Sawazisha kwanza kila picha, ya kanisa peke yake, ya sale peke yake. Angalia vektoskopu, kipimo cha rangi: mna mstari mmoja ambao ngozi ya mzungu, ya Muhindi na ya Mkongomani, zote zinakaribia, juu damu chini ya ngozi ni ile ile. Tofauti kubwa ni mwangaza. Uso ukiwa mbali na mstari, tafuta sababu. Labda ni taa za buluu za sale tu.

Ndipo LUT, na hata hapo ipunguze, nusu inatosha mara mingi. Chembe za pelikule zije mwisho, kidogo sana, maana video ikibanwa kwa kutumwa kwenye simu zinageuka uchafu.

Mbele ya kupeleka kazi, iangalie kwenye televisheni ya kawaida, ile ya nyumbani kwa mama.