Sungusungu Hukamata, Mahakama Huhukumu

Ng'ombe wa plau wakiibwa usiku mmoja, familia hupoteza mambo mengi. Shamba halilimwi kwa wakati. Maziwa ya watoto yanakatika. Sare za shule hazinunuliwi. Ndiyo maana filimbi ikilia usiku, watu huacha vitanda vyao, hushika pinde na kutoka.

Kutoka ni jambo jema. Kijiji kisichotoka ni shamba la wezi. Lakini usiku huo huo mwema unaweza kuharibika. Mtu anakamatwa, anapigwa, anakufa kabla hajaulizwa jina lake. Baada ya siku mbili redio au gazeti linasema: "Mwizi auawa na wananchi wenye hasira kali." Basi, habari imekwisha.

Je, alikuwa mwizi kweli? Nani alithibitisha? Ng'ombe walipatikana? Nani alimtuma? Habari haisemi.

Leo tuzungumze mambo hayo mawili pamoja: ulinzi wa wananchi wenye silaha, na habari zinazoandikwa juu yao. Wewe unayesoma ukurasa huu una kazi katika yote mawili.

SUNGUSUNGU WALIANZAJE?

Sungusungu ni wadudu weusi, jamii ya chungu. Mmoja peke yake ni mdogo. Wakitoka kwa pamoja na kuuma, hata mtu mzima hukimbia. Jina hilo ndilo walilopewa walinzi wa vijiji.

Walinzi hao walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi, mpakani mwa Mikoa ya Shinyanga na Tabora. Wakati huo hali ilikuwa ngumu. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka 1979, na baadhi ya bunduki zilikuwa zimeangukia mikononi mwa majambazi. Makundi ya ng'ombe yaliporwa. Vituo vya polisi vilikuwa mbali na askari walikuwa wachache. Mafuta ya gari yalikuwa adimu.

Wanakijiji hawakungoja. Kila mwanamume alitakiwa kuwa na upinde, mishale na filimbi. Walichagua viongozi wao na kuwapa majina ya zamani, kama vile ntemi. Utemi wa kutawala ulikuwa umefutwa mwaka 1963, lakini jina lake lilikuwa bado na heshima. Walitumia pia mwano, ile kelele ya hatari ambayo wazee wetu waliipiga tangu zamani. Kijiji kimoja kikipiga mwano, cha pili kiliupokea, kisha cha tatu. Mwizi alikuta njia zote zimezibwa.

Ulinzi huo ulienea kutoka kijiji hadi kijiji. Baadaye ulifika kwa Wakuria wa Tarime. Mwaka 1998 Wakuria wa Kenya nao walianzisha wa kwao.

SIFA NA LAWAMA

Sungusungu walipata sifa. Chama Cha Mapinduzi na Mwalimu Nyerere waliwaunga mkono, kwa sababu wananchi walikuwa wanajilinda wenyewe.

Walipata lawama pia. Watuhumiwa wengine walipigwa. Wengine waliuawa. Wengine walitozwa ng'ombe kama faini bila kesi ya haki. Mahali pengine vikongwe walisingiziwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Ndugu msomaji, bibi aliyepika miaka 50 kwenye moshi wa kuni na samadi kavu atakosaje macho mekundu? Huo si uchawi. Ni moshi.

Kwa hiyo baadhi ya Sungusungu walijikuta mahakamani. Huku Chama kinawasifu, huku polisi wanawashtaki. Watu wakauliza: sisi ni walinzi au ni wahalifu?

Jibu la sheria lilikuja mwaka 1989, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Bunge lilibadili sheria za mgambo. Sungusungu, au wasalama kama wanavyoitwa mahali pengine, walitambuliwa na kupewa uwezo wa kukamata kama ule wa askari polisi wa kawaida.

Soma sentensi hiyo tena. Walipewa uwezo wa kukamata. Hawakupewa uwezo wa kuhukumu. Hata askari polisi mwenyewe hana uwezo huo.

Rais Mwinyi alilijua jambo hili vizuri. Mwaka 1976 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watu waliotuhumiwa mauaji katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa, na baadhi yao walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakumpiga mtu. Hata hivyo alijiuzulu mwaka 1977, kwa sababu waliokufa walikuwa chini ya dhamana yake. Kama waziri aliwajibika hivyo, kamanda wa Sungusungu naye hana budi kuwajibika kwa mtu aliyefungwa kamba mbele yake.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia yeyote kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake. Lakini amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Pia asitumie nguvu kuliko inavyohitajika. Mtu akishafungwa kamba hawezi kukimbia tena. Kumpiga baada ya hapo si ulinzi.

Katiba yetu nayo inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ametenda kosa. Kila mtu ana haki ya kuishi.

Jihadhari, ndugu. Mtu akiuawa, usiseme, "Tulikuwa wengi, hawatajua nani alipiga." Watu walioshirikiana kuua wanaweza kushtakiwa wote pamoja. Aliyeshika rungu yumo, na aliyeshika kamba yumo. Hasira, hasara.

Kuna sababu nyingine ambayo sisi watu wa mifugo tunaijua sana. Tuseme mtu amekamatwa saa nane za usiku anaswaga ng'ombe wawili. Huenda ndiye mwizi. Huenda ni kijana aliyeajiriwa kuwaswaga tu, bila kujua wametoka wapi. Huenda amewanunua kwa mtu aliyemdanganya. Akiwa hai ataulizwa: nani amekutuma? Unawapeleka mnada gani? Nani anawachinja? Majibu yake yanaweza kumfikisha polisi kwa tajiri aliyekaa nyumbani akingoja ng'ombe wenu. Akiuawa, tajiri huyo atafurahi. Wiki ijayo atatuma mwingine.

JINSI YA KUSOMA HABARI HIZI

Miaka ile ya 1980 magazeti makubwa kama Uhuru na Daily News yalikuwa ya Chama na Serikali, na redio ilikuwa Radio Tanzania. Tangu miaka ya 1990 magazeti na redio za watu binafsi zimeongezeka sana. Habari ni nyingi. Lakini wingi wa habari si wingi wa ukweli. Msomaji lazima apepete, kama mama anavyopepeta mchele.

Mara nyingi mwandishi yuko mjini. Anampigia simu kamanda wa polisi wa mkoa, anaandika maneno machache, gazeti linachapwa. Hakufika kijijini. Hakuzungumza na mwenye ng'ombe. Hakuzungumza na familia ya aliyekufa. Na aliyekufa mwenyewe hawezi kuhojiwa.

Tazama maneno haya matatu. Watu huyachanganya.

Mtuhumiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa.

Mshtakiwa ni mtu aliyefikishwa mahakamani ili kesi yake isikilizwe.

Mtu aliyetiwa hatiani ni yule ambaye mahakama imesikiliza pande zote na kuamua kwamba ametenda kosa.

Mtu aliyeuawa njiani usiku hakufika hata kwenye neno la pili. Gazeti likimwita "mwizi" au "jambazi", limemhukumu. Neno sahihi ni mtuhumiwa.

Tazama pia yale maneno "wananchi wenye hasira kali". Wananchi gani? Wana majina? Maneno hayo huyafanya mauaji yaonekane kama mvua ya mawe, jambo lisilo na mwenyewe. Lakini hasira haishiki rungu. Mtu ndiye anayeshika rungu.

Magazeti hupenda pia kuwaita Sungusungu "jeshi la jadi". Jina hilo ni tamu, lakini linaweza kupotosha. Askari wa jeshi hupigana na adui vitani. Sungusungu anamkamata raia mwenzake na kumpeleka kituoni.

Kuna kasoro nyingine. Usiku ambao hakuna ng'ombe aliyeibwa hauandikwi gazetini. Walinzi wanakesha mwaka mzima kwenye baridi na mvua, na hakuna anayewataja. Siku moja wakikosea, wanajaa ukurasa wa kwanza. Kosa lao liandikwe, ndiyo. Lakini kazi yao njema nayo iandikwe, ili vijiji vingine vijifunze.

Ukisoma au kusikia habari ya namna hii, jiulize: Nani ameisema? Aliona mwenyewe? Upande wa pili umesikilizwa? Mtu huyo alikabidhiwa polisi? Mahakama imesema nini?

Siku hizi karibu kila nyumba ina simu ya mkononi. Usipige picha ya mtu aliyefungwa kamba na kuisambaza. Picha haina mahakama. Mahakama ikimwachia kesho, picha yako itaendelea kumwita mwizi mpaka watoto wake wawe wazee.

KIJIJI KIANDIKE CHENYEWE

Sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo katika ulinzi. Nunueni daftari moja la ulinzi. Likae kwa katibu wa kikundi, na mtendaji wa kijiji alikague kila wiki. Andikeni:

1. Tarehe, na majina ya walinzi wa zamu.
2. Saa ambayo filimbi ilipigwa, na nani aliipiga.
3. Jina la aliyekamatwa, mahali alipokamatwa, na hali ya mwili wake wakati huo.
4. Vitu au mifugo aliyokutwa nayo: idadi, rangi na chapa.
5. Saa aliyokabidhiwa polisi, na jina la askari aliyempokea.

Daftari hili litawasaidia mara tatu. Mahakamani litakuwa kumbukumbu ya mashahidi, maana kesi nyingi huharibika kwa sababu shahidi amesahau siku na saa. Mtu akidai mlimpiga, litaonyesha alikuwa na hali gani mlipomkabidhi. Na mwandishi wa habari akija au akipiga simu, mtamsomea lililoandikwa. Hataandika uvumi wa kilabuni.

Mchagueni pia mtu mmoja wa kuzungumza na waandishi. Asitie chumvi. Asiseme "tulikamata majambazi 10" kama walikuwa 2. Gazeti likikosea, andikeni barua kwa mhariri, mkitaja tarehe ya gazeti na mkieleza ukweli kwa ufupi. Barua ya mkulima ina haki sawa na barua ya mtu wa mjini.

ZUIA WIZI KABLA YA FILIMBI

Ng'ombe asiye na alama ni rafiki wa mwizi. Wasajili mifugo wako na uwatie alama kwa msaada wa afisa mifugo. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ipo tangu mwaka 2010. Andika nyumbani kwako rangi, umri, pembe na alama ya kila ng'ombe.

Usinunue ng'ombe vichochoroni. Nunua mnadani na udai risiti. Mtu anayesafirisha mifugo lazima awe na kibali. Mlinzi anayejua kusoma atakisoma kibali hicho na kuhesabu ng'ombe: kibali kinasema 6, mbona hapa wapo 9? Swali hilo moja linamnasa mwizi, wala hakuna damu iliyomwagika. Zamani mwizi aliweza kuonyesha karatasi yoyote na kupita. Kwenye kijiji cha wasomaji hawezi.

Mwisho, kila kamanda awe na namba ya simu ya polisi wa kata yake. Simu ipigwe mara tu mtu akikamatwa, si baada ya kupigwa.

Ndugu msomaji, lindeni mali yenu bila woga. Kesheni kwa zamu, pigeni filimbi, zibeni njia. Mkimkamata mtu, mfikisheni kituoni akiwa hai, na daftari liwe mkononi. Huo ndio ushindi wa kijiji, hata kama hakuna gazeti lililouandika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KISOMO

1. Kuna tofauti gani kati ya mtuhumiwa na mtu aliyetiwa hatiani?
2. Sheria ya mwaka 1989 iliwapa Sungusungu uwezo gani? Haikuwapa uwezo gani?
3. Kwa nini mwizi aliye hai ana faida zaidi kwa kijiji kuliko aliyekufa?
4. Je, kijiji chetu kina daftari la ulinzi? Kama hakina, nani atalianzisha, na lini?