Rusizi: Kwa nini korongo hutulia kabla ya kudaka samaki

Asubuhi, katika ghuba za Ziwa Kivu karibu na Kamembe na katika mashamba ya mpunga ya bonde la Bugarama, ndege mrefu wa rangi ya kijivu huonekana amesimama majini bila kutikisika. Huyo ni korongo, na utulivu wake si uvivu, bali ndiyo namna yake ya kuvua.

Asichanganywe na umusambi, mwenye taji la dhahabu kichwani, ambaye hula zaidi mbegu na wadudu. Umusambi akiruka hunyoosha shingo. Korongo huikunja hadi mabegani.

Siri ya windo lake imo katika shingo hiyo. Mifupa yake huiwezesha kujikunja mfano wa herufi S, kisha kufyatuka ghafla. Samaki hubanwa au hudungwa kwa mdomo, halafu humezwa mzima, kichwa kikitangulia, ili miiba ya mapezi isimkwame ndege kooni.

Kikwazo kimoja ni mwanga. Unapotoka majini kuingia hewani hupinda, hivyo samaki huonekana juu zaidi ya pale alipo. Aliyewahi kuchovya mkono mtoni kuokota kitu anaijua hadaa hiyo. Watafiti waliochunguza ndege wa jamii ya korongo wamebaini kuwa huirekebisha shabaha yao kabla ya kupiga.

Je, korongo huwapunguzia wavuvi riziki? Ziwani, ni kwa kiasi kidogo. Isambaza, dagaa walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huishi zaidi kwenye maji ya kina na huvuliwa usiku kwa taa. Korongo haendi kuvua huko. Windo lake huishia pale miguu yake inapofika.

Kwa mwenye bwawa la samaki, hali ni tofauti. Vifaranga vya samaki waliosongamana kwenye maji mafupi ni karamu iliyokwisha kuandaliwa, na hasara yake ni ya kweli. Dawa yake ni kumnyima ndege mahali pa kusimama: kingo za bwawa zichimbwe wima, maji yawe na kina tangu ukingoni, na bwawa la vifaranga lifunikwe kwa wavu uliovutwa barabara ili ndege wasinaswe.

Sumu isitumiwe kamwe. Haimchagui korongo peke yake. Huua samaki, huingia katika mifereji, na huweza kumfikia mtu anayechota maji chini ya bonde.

Tena korongo hali samaki tu. Hula vyura, wadudu na panya, na yule mwenye kichwa cheusi huwinda sana nchi kavu, mashambani. Mkulima anayemfukuza bwawani huenda akamhitaji kando ya mpunga wake.