Majira ya Kusi na Hadhari za Wasafiri wa Bahari

Katika milima ya Ulaya, baridi inapokwisha, theluji iliyolundikana juu hulegea kwa joto, kisha huporomoka ghafula na kuwafunika wasafiri. Hatari hiyo huja siku za jua, wakati mtu adhanipo kwamba shida imepita. Pwani ya Mombasa haina theluji, lakini ina majira yadanganyayo vivyo hivyo, nayo ni yale ya kaskazi kuondoka na kusi kuingia.

Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Baadaye upepo hulegea na kugeukageuka, na bahari huonekana shwari. Hizo ndizo siku za maleleji. Mvuvi wa Likoni au Kisauni aonapo utulivu huo huweza kushawishika kuvuka mwamba na kwenda mbali. Lakini katika Aprili kusi huingia pamoja na masika. Wingu moja jeusi latosha kuleta dhoruba, na mvua huificha pwani isionekane. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kupita yote Mombasa, na kusi huzidi nguvu katika Juni na Julai.

Jambo la pili ni maji. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huwa bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake huko Kilindini hupata meta 3 na zaidi. Katika mlango wa mwamba, maji yatokayo kwa nguvu yakikutana na upepo utokao baharini, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Ngalawa iliyopita hapo salama asubuhi yaweza kuzama mahali pale pale jioni. Kwa hiyo mwenye busara huhesabu saa ya maji kabla ya kutweka tanga, akikumbuka kwamba maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku.

Wazee walihesabu siku za mwaka kwa miongo, yaani kumi kumi, tangu Nairuzi, wakajua wakati wa kusafiri na wakati wa kupandisha vyombo pwani. Elimu hiyo ingali na faida, ila sasa ina msaidizi. Katika uwanja wa ndege ulioko Changamwe hupimwa hali ya hewa, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutangaza habari zake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia Tanzania, Idara iliwaonya watu wa pwani juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Vimbunga vya namna hiyo ni nadra karibu na ikweta. Hesabu ya miongo peke yake isingekitambua.

Wala si upepo tu uuao. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, kilichopakia watu kupita kiasi, kilipinduka karibu na pwani, wakafa watu 272.

Basi yafaa kila nahodha asikilize taarifa, autazame mwezi, asipakie kupita kadiri, na awaambie watu wa nyumbani aendako na saa ya kurudi. Akiona wingu linakua upande wa kusini, na arudi mapema. Samaki wa leo wakikosekana, wa kesho wapo.