Sura ya Sita: Kuishi na Kununua Nyumba Mkomani

Mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni mdogo mno ukilinganishwa na sifa zake, kwa kuwa eneo lake lililohifadhiwa ni hekta 16 hivi. Na ndani ya eneo hilo mtaa wa Mkomani, ulio upande wa kaskazini, ndio wenye nyumba za mawe za waungwana wa zamani, ilhali Langoni, upande wa kusini, ndiko aghalabu kwenye maduka na makazi ya watu waliokuja baadaye. Sura hii yamhusu mtu anayetamani kukaa Mkomani na kununua nyumba humo. Ningependa ajue mapema kwamba kila nyumba ya mtaa huo imefungamana na haki za watu wengi, walio hai na waliokufa, waliopo na walio ng'ambo, na kwamba kazi kubwa ya mnunuzi ni kuzitambua haki hizo na kuwaridhisha wenyewe kabla hajatoa pesa.

Tuanze na jengo lenyewe. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Na madhali boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda, vyumba vyote ni vyembamba, upana wake mita mbili na nusu au zaidi kidogo, na virefu, vikifuatana kimoja nyuma ya kingine. Mgeni huketi dakani, kwenye baraza za mawe zilizo mlangoni. Akikaribishwa hupita tekani, ambapo njia hupinda ili mpita kichochoroni asione yaliyomo, ndipo afike kiwandani, ua ulio wazi juu, kisha chumba cha kwanza kiitwacho msana wa tini, kisha cha pili, msana wa yuu, na mwisho ndani, mahali pa bibi mwenye nyumba, ambapo ukuta umejaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilizonakshiwa kwa chokaa. Kadiri mtu aingiavyo ndivyo mwanga upunguavyo na staha izidivyo. Chooni mna birika la maji la kujengwa, na katika sakafu ya birika hupachikwa bakuli la kaure, ili samaki wadogo waliotiwa humo kula mabuu ya mbu wapate maji ya kubaki hata birika linapokauka. Mtu apendaye madirisha mapana na jua la asubuhi kitandani afadhali atafute kiwanja kwingine kuliko kununua nyumba kama hii kisha akaanza kuitoboa.

Baba mwenye uwezo alikuwa akimjengea binti yake nyumba alipoolewa, au akimpa sehemu ya nyumba yake mwenyewe, ili mume ndiye ahamie kwa mke na binti asitengane na mamaye. Ndiyo sababu nyumba nyingi zimeegemeana, ukuta mmoja ukizitumikia mbili, na juu ya vichochoro vimejengwa vyumba viitwavyo wikio, vinavyounganisha nyumba za jamaa, hata mwanamke akaweza kumzuru nduguye bila kukanyaga njia. Basi nyumba moja inapouzwa kwa mtu wa mbali, wikio ni la nani? Nani atakayelipa boriti ya ukuta wa shirika ikioza? Maswali haya yapate majibu kwa maandishi, mbele ya jirani mwenyewe, siku ambayo wote bado wanacheka pamoja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limeharibu manunuzi mengi kuliko mchwa na unyevu, nalo ni mirathi. Tuchukue mfano wa kila siku. Mzee amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa hesabu ya faraidhi mke hupata thumuni. Thumuni saba zilizosalia hugawanywa, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke, hivyo kila mwana hupata thumuni mbili na kila binti thumuni moja. Mpaka hapo wenye haki ni sita na hesabu ni nyepesi. Lakini aghalabu nyumba haigawanywi, kwa kuwa mama angali akiishi humo na hakuna mtoto mwenye muruwa atakayezungumza habari ya kuuza. Miaka inapita. Binti mmoja anafariki, naye ameacha mume na watoto. Robo ya thumuni yake inamwendea mume, yaani sehemu moja katika 32 ya nyumba nzima, na mume huyo huenda amekwisha hamia Mombasa au Maskati, ameoa tena, wala hakumbuki kwamba ana kitu Mkomani. Mwana mkubwa anayemfungulia mnunuzi mlango, mwenye funguo mkononi na maneno ya kweli kinywani, hana zaidi ya robo. Akiuza yote, ameuza mali ya wenziwe, na mnunuzi atakuja kulijua hilo baada ya kutengeneza paa.

Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara hutaka kwanza uamuzi wa mirathi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imewapa Makadhi hukumu ya mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yao, na hati ya Kadhi itajayo warithi wote na mafungu yao ni kinga bora kuliko ahadi za jamaa wote. Fauka ya hayo kuna shufaa: katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, mshirika katika mali ana haki ya kutangulizwa kununua fungu la mwenziwe kabla ya mtu wa nje. Jirani tu hana haki hiyo katika madhehebu hayo, lakini kumwarifu kabla ya kuuza ni ada njema, na mnunuzi akiisikia imepuuzwa na ajihadhari.

Mengine ni mafupi. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Daftari la ardhi lipekuliwe na wakili, si na dalali. Nyumba wakaayo mume na mke haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenziwe. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele. Katiba humruhusu kukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99.

Baada ya kununua huja matengenezo, na hapo adui ni saruji. Ukuta wa matumbawe una chumvi na huvuta unyevu kutoka chini, na chokaa huuachia utoke. Saruji huuziba, chumvi ikabaki ndani ikilila jiwe, hata lipu ikabanduka vipande vipande. Mwenye nyumba na atafute fundi ajuaye chokaa, asubiri punda wa kubeba mchanga na mawe kichochoroni, na aombe idhini ya Makumbusho ya Taifa na ya serikali ya kaunti kabla ya kubadili umbo la jengo, kwa mujibu wa sheria ya urithi ya mwaka 2006.

Nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni tangu miaka ya 1970, na baadhi yao wameziokoa na maangamizi. Hilo ni ihsani isiyokanika. Lakini nyumba ifungwayo karibu mwaka mzima, hata ikipambwa namna gani, ni hasara kwa mtaa, kwani baraza yake haina mtu wa kuitikia salamu na jirani hana wa kumgongea usiku anapouguliwa.

Kwa hivyo, msomaji, ukiipenda nyumba ya Mkomani, kodi kwanza, ukae humo masika nzima, mvua ikuonyeshe panapovuja na majirani wakuonyeshe walivyo, kisha ndipo uwatafute warithi wote na kutaja bei.