Ushahidi wa Kingamwili katika Homa za Kwale

Mtu wa Msambweni au Diani, huko Kwale katika pwani ya Kenya, aliyeshikwa na homa, viungo vikamwuma hata akashindwa kuinuka, kisha damu yake ikapimwa na karatasi ikarudi imeandikwa kuwa ana kingamwili za chikungunya, aghalabu hudhani neno limekwisha. Hali ya kuwa karatasi ile haikusema kwamba kirusi kimeonekana, bali imesema tu kwamba mwili wake umepata kukutana na kirusi hicho, au na jamaa yake. Wala haisemi lini, madhali kingamwili za IgM hudhihiri baada ya siku nne au tano za maradhi na kutoweka baada ya miezi, na zile za IgG hudumu miaka mingi.

Jamaa huyo ni o'nyong'nyong, aliyetambuliwa Uganda mwaka 1959, miaka michache baada ya chikungunya kutambuliwa katika nyanda za Wamakonde, Tanganyika, mwaka 1952 na 1953. Virusi hivi viwili vimefanana mno, na kipimo cha kawaida cha kingamwili ni mithili ya shahidi aliyeiona kanzu asiuone uso. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015 juu ya wakazi wa Msambweni uliwapima upya watu waliokuwa na kingamwili hizo, na wengi wao wakaonekana kuwa walipatwa na o'nyong'nyong, si chikungunya.

Upimaji huo wa pili huchanganya maji ya damu na kirusi kilicho hai, ili kuona kingamwili zinakizuia kwa kadiri gani kuharibu seli. Na hata hapo pana hila: kingamwili za chikungunya huzuia o'nyong'nyong vizuri, ila za o'nyong'nyong hazilipi wema huo sawasawa, ndipo wataalamu wakataka nguvu dhidi ya o'nyong'nyong ishinde mara nne kabla ya kuihukumu, na dhidi ya chikungunya mara mbili tu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kipimo cha kawaida cha kingamwili huwatambua 90 katika kila 100 walioambukizwa, na huwasingizia 4 katika kila 100 wasioambukizwa. Katika watu 1,000 ambao 50 tu wameambukizwa, kitawataja 45 kwa haki na 38 kwa uzushi. Kipelekwe kipimo kile kile Lamu ya mwaka 2004, ambako robo tatu ya watu walikadiriwa kuambukizwa chikungunya (makisio yaliyotokana na kingamwili hizo hizo!), na kitawataja 675 kwa haki, 10 tu kwa uzushi. Fauka ya hayo, ile 4 ilipatikana kwa damu ya nani? Ikiwa ni ya watu wa nchi isiyojua o'nyong'nyong, basi kwa Kwale haina maana, na mnunuzi wa vipimo asiyeuliza swali hili, kwa maoni yangu, ananunua kwa kufumba macho.

Wala haya si mabishano ya maabara tu. Chikungunya huenezwa na mbu Aedesi, aumaye mchana na kuzaa katika mapipa, vifuu na magurudumu mabovu. O'nyong'nyong huenezwa na Anofelesi yule yule wa malaria, aumaye usiku, ambaye chandarua humzuia.