Kuvutwa chini ya maji nyuma ya mashua



Konji ikifika, wengine huenda kando ya ziwa Tanganika, Kalemie ama Moba. Kijana akiona mashua yenye motere anaweza kutamani kushika kamba na kuvutwa chini ya maji. Tuelewe vizuri hatari yake.

Kuna watu wanaofanya hivyo kwa kazi. Huko Australia wachunguzi wa bahari huvutwa wakihesabu nyota za bahari zinazoharibu matumbawe. Mtu hushika ubao kwa mikono miwili. Kamba ni ya metre 17. Mashua huenda polepole kama mtu anayetembea, na husimama kila dakika 2. Ubao ukiinama, mtu anashuka, ukiinuka, anapanda.

Hatari kubwa ni uzito wa maji. Wewe unayeshuka shimoni unajua masikio yanavyoziba. Basi, metre 1 ya maji hulemea masikio kuliko metre 500 za shimo! Na anayevutwa hachoki, kwa hiyo hushuka na kupanda upesi bila kujua.

Fuata maneno haya:

1. Masikio yakiuma, ziba pua, pulizia ndani polepole. Yakizidi kuuma, panda. Mwenye mafua asizame.

2. Anayepumua hewa ya chupa asizuie pumzi hata kidogo akipanda. Kutoka metre 10 mpaka juu, hewa hupanuka mara mbili na kupasua mapafu.

3. Asiye na chupa asivute pumzi nyingi za haraka mbele ya kuzama. Anaweza kuzimia majini pasipo kusikia dalili.

4. Kamba isifungwe mkononi wala kiunoni. Ishike tu; ukiona shida, iachilie.

5. Mashuani wawe watu wawili: mmoja aongoze, mwingine amtazame aliye majini bila kugeuka. Wapatane kwanza alama za mkono.

6. Motere izimwe mbele mtu hajakaribia. Panga zake hukata mguu mara moja.

Mtu akitolewa majini bila kupumua, mpulizie hewa mdomoni na kumkandamiza kifua bila kukawia. Aliyepumua hewa ya chupa, akitema damu, akiumwa kifua ama akipooza, alazwe chali na kupelekwa lopitali upesi, hata akisema amepona.

Wazazi, someni maneno haya pamoja na watoto mbele ya safari. Shimoni hakuna anayeshuka bila kofia na taa. Majini pia mtu asishuke bila mwangalizi.