Mlima Hauzuii Tanga
Ukitaja resi za mashua mtaani kwetu Levolosi, mbali na bahari, watu hufikiria Zanzibar, kana kwamba tanga ni mali ya pwani. Uswisi haina bahari, lakini timu yake ya mashua, Alinghi, yenye asili katika Ziwa Geneva chini ya milima ya Alps, ilitwaa Kombe la Amerika mwaka 2003 na 2007, kwa mashua zenye mkuku mzito unaozirudisha wima upepo unapozilaza. Kweli, nahodha wa 2003, Russell Coutts, alitoka New Zealand, lakini ujuzi huajiriwa. Ziwa letu la Duluti pale Tengeru ni dogo mno, na msitu hulikinga na upepo. Ziwa Victoria je? Lipo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Geneva. Mkuku ni ghali, nakubali. Basi tuanze na mashua za wavuvi wa Mwanza, wanaoujua upepo wa ziwa hilo tayari.